Kusoma Mwenendo wa Bei ya Mafuta: Somo kwa Watumiaji wa Musoma, Bunda na Butiama

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa miji na wilaya zote za Tanzania Bara. Katika orodha hiyo ndefu, mtumiaji wa Mkoa wa Mara ataikuta Musoma, ataikuta Bunda na ataikuta Butiama, kila sehemu na bei yake. Wengi wetu huitazama tarakimu moja tu, ile ya mji wetu, tukailinganisha na ya mwezi uliopita, tukashukuru au tukanung'unika, kisha orodha ikasahaulika hadi mwezi mwingine.

Tunaandika somo hili kwa sababu tarakimu moja, au hata mbili, haziwezi kumwambia mtumiaji jambo analohitaji kulijua. Mwenye bodaboda wa Bunda anataka kujua kama ajaze tangi leo au asubiri. Mwenye mtumbwi wa injini pale Musoma anataka kujua kama anapunjwa. Mwenye mashine ya kusaga ya dizeli huko Butiama anataka kujua kwa nini alisikia redioni kwamba mafuta yameshuka duniani, ilhali kituoni kwake yamepungua kidogo tu. Maswali hayo matatu yana majibu, lakini majibu hayo yamo katika mfululizo wa bei za miezi mingi, na mfululizo una kanuni zake za kusomwa. Asiyezijua kanuni hizo hutumia fedha kwa hofu, au huleta lalamiko lisilosimama wakati alikuwa na haki ya kuleta linalosimama.

Bei ina kumbukumbu

Wachumi huita orodha ya bei zilizopangwa kwa tarehe "mfululizo wa nyakati". Jambo la kwanza la kulifahamu kuhusu mfululizo wa bei ya mafuta ni kwamba haufanani na kete. Ukirusha kete leo, haijali ilionyesha nini jana. Bei hujali. Bei ya mwezi huu, kwa sehemu kubwa sana, ni ile ile ya mwezi uliopita, ikiongezwa au kupunguzwa na jambo jipya lililotokea katikati: vita, mavuno ya visima, thamani ya shilingi mbele ya dola, uamuzi wa nchi zinazouza mafuta. Jambo hilo jipya likishaingia halitoki lenyewe; linabaki ndani ya bei, na la mwezi ujao linawekwa juu yake.

Kwa sababu hiyo bei ya mafuta duniani haina "kawaida" ambayo ni lazima irudi. Aprili 2020, magonjwa yalipozuia watu kusafiri, pipa la mafuta ghafi aina ya Brent lilishuka chini ya dola 20. Machi 2022, baada ya Urusi kuingia Ukraine kijeshi, pipa hilo hilo lilivuka dola 120. Kati ya hizo mbili ipi ndiyo bei ya kawaida? Swali lenyewe halina maana. Vivyo hivyo halina msingi lile neno linalosikika sana vijiweni, kwamba mafuta yamepanda miezi mitatu mfululizo kwa hiyo sasa ni zamu yake kushuka. Bei haina zamu. Wala halina msingi neno la upande wa pili, kwamba yakianza kupanda yatapanda tu.

Kumbukumbu hii ya bei huzaa mtego mmoja ambao uliwanasa hata wataalamu. Mwaka 1926, mtakwimu Mwingereza George Udny Yule alionyesha kwamba kwa takwimu za Uingereza za miaka mingi, sehemu ya ndoa zilizofungwa katika Kanisa la Kianglikana na kiwango cha vifo vilipungua pamoja kwa ulinganifu wa kushangaza. Hakuna mwenye akili atakayedai kwamba kufunga ndoa kanisani kunaua. Kilichotokea ni kwamba vitu viwili vyenye kumbukumbu, kila kimoja kikienda njia yake kwa miaka mingi, huweza kuonekana kama ndugu bila kuwa na uhusiano wowote. Mwaka 1974, Clive Granger na mwenzake Paul Newbold walithibitisha jambo hilo kwa majaribio: walitengeneza mifululizo ya tarakimu isiyohusiana hata kidogo, kisha wakaipima kwa njia za kawaida za wachumi, na mara nyingi vipimo vikasema kwamba ipo mbegu ya uhusiano wa nguvu. Tafiti nyingi za uchumi zilizokuwa zikiaminika zikaanza kutiliwa shaka.

Mtego huo upo hata kituoni. Mtumiaji anasema: tangu kituo hiki kipate mwenyeji mpya, bei imepanda kila mwezi, kwa hiyo mwenyeji mpya ndiye anayepandisha. Huenda ni kweli, lakini ushahidi huo hautoshi. Katika kipindi hicho hicho huenda bei ilipanda kwa vituo vyote, na mwenyeji angebaki yule wa zamani ingepanda vile vile. Idadi ya bodaboda mjini iliongezeka pia, na watoto wa mlalamikaji waliongezeka kimo. Vyote vinavyopanda havikupandishwa na kimoja.

Mitumbwi miwili na kamba

Je, basi hakuna uhusiano wa kuaminika kati ya bei mbili? Upo, na namna ya kuutambua ndiyo kazi iliyompatia Granger Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2003, pamoja na Robert Engle. Granger alizaliwa Wales mwaka 1934, akafundisha kwa muda mrefu Nottingham na baadaye California. Makala aliyoandika na Engle mwaka 1987 ni miongoni mwa zinazotajwa sana katika taaluma hiyo.

Hesabu zake ni nzito, lakini wazo lenyewe linaeleweka ziwani. Fikiria mitumbwi miwili inayoelea bila kasia wala injini. Upepo na mawimbi vinaisukuma popote, na hakuna awezaye kusema itakuwa wapi kesho. Kama haina uhusiano, baada ya siku kadhaa mmoja utakutwa huku na mwingine kule. Lakini ikifungwa kwa kamba, jambo hubadilika. Bado hatujui jozi hiyo itakuwa wapi kesho, ila tunajua kwamba popote utakapokuwa mmoja, mwingine hautakuwa mbali. Ukitangulia sana, kamba hukaza na kuuvuta wa nyuma. Wachumi hupima kamba hiyo kwa kuacha kuitazama mitumbwi na kuutazama umbali uliopo kati yake. Umbali ukitanuka bila mpaka, hakuna kamba. Ukitanuka kisha ukarudi, ukatanuka tena na kurudi, kamba ipo.

Bei ya petroli Musoma na bei ya petroli katika soko la dunia zimefungwa kwa kamba ya namna hiyo. Tanzania huagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Yananunuliwa kwa dola kwa utaratibu wa uagizaji wa pamoja, yanapakiwa melini, yanashushwa bandarini, na kwa Mara kwa kawaida hesabu huanzia Dar es Salaam. Hapo lori hubeba mzigo hadi kanda ya ziwa, hupita Bunda, na kufika Musoma. Tofauti ndogo za bei kikomo kati ya Musoma, Bunda na Butiama hutokana hasa na gharama hii ya mwisho, yaani safari ya lori.

Kamba hiyo ina sifa mbili ambazo mtumiaji anapaswa kuzijua.

Ya kwanza, ni ndefu. Mafuta unayotiwa leo yalinunuliwa majuma kadhaa yaliyopita, kwa bei ya wakati ule. Kwa hiyo habari ya redioni kwamba bei imeshuka duniani wiki hii haihusu lita iliyomo kwenye pampu leo. Itaihusu lita ijayo. Ndivyo ilivyo pia inapopanda, ingawa siku hizo hatusikii watu wakilalamika kwamba bei imechelewa.

Ya pili, kamba haivuti bei nzima. Sehemu ya unacholipa ni kodi na tozo: ushuru wa bidhaa, tozo ya mafuta kwa ajili ya barabara, tozo ya petroli. Hizi hutozwa kwa shilingi kwa kila lita, si kwa asilimia ya bei ya dunia. Gharama za usambazaji nazo hazishuki kwa sababu tu pipa limeshuka. Chukua mfano wa kufikirika wenye tarakimu nyepesi. Lita ni shilingi 3,000. Kati ya hizo, 1,700 ni thamani ya mafuta yenyewe kutoka sokoni, na 1,300 ni kodi, tozo, usafiri na faida ya wauzaji. Soko la dunia likishuka kwa asilimia 20, kinachopungua ni asilimia 20 ya 1,700, yaani shilingi 340. Lita inakuwa shilingi 2,660, punguzo la asilimia 11 hivi. Mwenye mashine ya kusaga aliyesikia asilimia 20 na kuona 11 hakuibiwa. Na shilingi ikidhoofika mbele ya dola katika majuma hayo hayo, punguzo litakuwa dogo zaidi, au lisionekane kabisa.

Kamba huweza pia kufungwa upya na binadamu. Juni 2022, Serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali ya bei ya mafuta. Mtafiti atakayechora mfululizo wa bei za mwaka huo bila kuikumbuka ruzuku hiyo atadhani kwamba uhusiano wa bei yetu na ya dunia ulilegea wenyewe. Mfululizo wa tarakimu hauandiki pembeni yake sababu za mabadiliko. Msomaji ndiye anayepaswa kuzijua.

Roketi na unyoya

Mwaka 1991 mchumi Robert Bacon alichapisha utafiti kuhusu bei za petroli nchini Uingereza na kuzifananisha na roketi na unyoya. Gharama ikipanda, bei ya pampu hupaa upesi. Gharama ikishuka, bei hushuka taratibu, ikipepesuka. Uchunguzi wa namna hiyo ulirudiwa Marekani na kwingineko, na mara nyingi tabia hiyo ilikutwa, ingawa si kila mahali wala kila kipindi.

Utaratibu wa bei kikomo unapunguza sana nafasi ya tabia hiyo, kwa kuwa kikomo hukokotolewa upya kila mwezi kwa kanuni ile ile, iwe ni kupanda au kushuka, na kituo hakiruhusiwi kuuza juu yake. Kikomo kikishuka Jumatano, bango linapaswa kubadilika. Kisingizio kwamba bado tunamalizia mafuta ya zamani hakikubaliki. Mwezi bei zilipopanda, mafuta ya zamani yaliuzwa kwa bei mpya bila huruma.

Lakini unyoya hupata pa kujificha chini ya kikomo. Sheria inaviacha vituo huru kushindana kwa kuuza bei ya chini zaidi. Tuseme, tena kwa mfano tu, kikomo cha mji wako ni 3,000 na kituo chako kinauza 2,960. Mwezi wa pili kikomo kinapanda hadi 3,120, na kituo kinauza 3,120 kamili. Mwezi wa tatu kikomo kinarudi 3,000, na kituo kinauza 3,000. Hapajatendeka kosa lolote. Hata hivyo unalipa shilingi 40 zaidi kwa lita kuliko mwanzo, ilhali kikomo ni kile kile. Huwezi kuileta hii kwetu kama lalamiko, lakini unaweza kuvuka barabara na kununua kwa jirani yake. Asiyeandika bei hawezi kuligundua jambo hili, kwa sababu mwezi wa tatu aliona bei imeshuka, akafurahi.

Na mahali pasipo na kikomo, unyoya huonekana waziwazi. Nauli ya bodaboda ni mapatano. Mafuta yakipanda, safari ya 1,000 huwa 1,500 siku hiyo hiyo. Yakirudi, 1,500 hubaki. Hapa mwenye kumbukumbu ya bei za mafuta ana la kusema wakati wa kupatana.

Daftari la mtumiaji

Mfululizo mzuri hauhitaji kompyuta. Daftari la shule linatosha. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, piga *152*00# kwenye simu yako, fuata maelekezo, upate bei kikomo ya eneo lako. Huduma hiyo ni ya bure. Iandike pamoja na tarehe. Pembeni yake andika bei iliyopo kwenye bango la kituo unachonunua, na pembeni zaidi, tofauti ya hizo mbili. Safu hii ya tatu ndiyo umbali kati ya mitumbwi, na ndiyo itakayokufundisha zaidi. Safu mbili za kwanza zitapanda na kushuka kwa sababu za mbali usizoweza kuzizuia. Ya tatu inahusu kituo chako.

Ukitaka kuandika na bidhaa nyingine, angalia majira. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inapotangaza mfumuko wa bei wa mwaka, hulinganisha mwezi na mwezi kama huo wa mwaka uliotangulia, kwa sababu mahindi ya wakati wa mavuno si ya kulinganishwa na ya wakati wa njaa. Kwa dagaa wa Ziwa Victoria hata hilo halitoshi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, mavuno hupungua na bei sokoni hubadilika. Mwezi wa angani hausubiri kalenda: ndiyo maana Ramadhani husogea nyuma kwa siku 11 hivi kila mwaka. Kwa hiyo tarehe ambayo mwaka huu ni giza, mwakani huenda ikawa karibu na mbalamwezi. Anayelinganisha bei ya dagaa ya siku moja na ya tarehe ile ile mwakani huenda analinganisha giza na mwanga, akadhani ni mfumuko wa bei. Aandike pia hali ya mwezi.

Mafuta ya akiba

Kila karibu na Jumatano ya kwanza, jumbe huzagaa kwenye simu kwamba bei inapanda, jaza mapema. Kwa kuwa kamba ni ndefu, mtu anayefuatilia soko la dunia huweza kukisia mwelekeo wa mwezi ujao, na wakati mwingine hupatia. Swali ni faida yake. Dumu la lita 20, bei ikipanda shilingi 50 kwa lita, linakuokolea shilingi 1,000. Bei ikishuka, umepoteza. Upande wa pili wa mizani ni petroli ndani ya nyumba yenye jiko na watoto. Mvuke wake hauonekani, huenea chini sakafuni na kushika moto ukiwa mbali na dumu lenyewe. Hatujaona hesabu yoyote inayoihalalisha shilingi 1,000 hiyo.

Ikiwa kituo kinasema mafuta yamekwisha siku moja kabla ya bei kupanda, kisha pampu zikafunguka asubuhi ya bei mpya, hilo ni suala jingine. Kuficha mafuta ni kosa. Andika siku na saa uliyokataliwa, na siku na saa yalipopatikana.

Lalamiko linalosimama

Bei ya kituo ikiwa juu ya bei kikomo ya eneo hilo kwa tarehe hiyo, hata kwa shilingi moja, ni kosa, na huhitaji kueleza sababu yake wala kuthibitisha nia ya mtu. Unachohitaji ni stakabadhi ya kielektroniki inayoonyesha kituo, tarehe, lita na kiasi ulicholipa. Idai kila unaponunua, hata kama ni lita moja ya bodaboda. Ndicho kidhibiti chako pia endapo mafuta yataonekana kuwa na ubora usiofaa. Kila kituo kinatakiwa kuwa na bango la bei linaloonekana wazi barabarani, na kuuza bila bango ni kosa peke yake. Hakikisha pia unasoma mstari ulio sahihi: aliyenunua Butiama asitumie kikomo cha Musoma, na aliyenunua Jumanne jioni asitumie kikomo cha Jumatano.

Anza kwa kumweleza mwenye kituo. Asipokuridhisha, liandike lalamiko lako kwa EWURA, ambayo kwa Mara huhudumiwa na ofisi ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza, ukiambatisha nakala ya stakabadhi na, kama unalo, ukurasa wa daftari lako. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC) linaweza kukusaidia kuliandaa. Stakabadhi yenyewe ibaki nayo, na kwa kuwa wino wake hufifia upesi, ipige picha siku hiyo hiyo.